UZI: Wati 2,870 za Machi na wati 1,935 za Oktoba, paneli ni zilezile

FundiChamwino ameandika:

Wakuu, salaam. Ninafunga sola Dodoma na wilaya za jirani, huu ni mwaka wa tisa, na uzi huu umetokana na namba moja iliyoandikwa ukutani.

Machi ya mwaka jana nilifunga paneli nane za wati 330 kwa mama mmoja mwenye duka la samaki na vinywaji baridi. Kwa lebo, jumla yake ni wati 2,640. Siku ya kuwasha, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mawingu meupe yalikuwa yakipita kwa mafungu, huku jua likitokeza katikati yake. Ilipofika saa saba hivi mchana, betri zikiwa na njaa na majokofu yote yakinguruma, kioo cha kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri, kilisoma wati 2,870. Mama akaniuliza kama hiyo ni nzuri. Nikamjibu, kifua mbele, kwamba paneli zake zinatoa zaidi ya zilivyoandikwa. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika 2,870 ukutani juu ya inveta na kuipigia mistari miwili.

Oktoba akanipigia simu. Alisema kwamba wiki nzima amekuwa akikiangalia kile kioo na hakijawahi kufika hata elfu mbili, kisha akauliza kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi: "Fundi, hizi zilizoko juu ya bati ni zilezile ulizonionyesha?"

Nilikasirika, lakini njiani niligundua kwamba sikuwa na jibu. Siku ya Machi niliandika wati tu. Sikuandika jua lilikuwa na nguvu kiasi gani, wala paneli zilikuwa na joto kiasi gani, na bila hayo mawili ile 2,870 haikuwa kipimo cha paneli. Kilikuwa kipimo cha dakika ile.

Lebo iliyo nyuma ya paneli haisemi kwamba paneli itatoa wati 330. Inasema itatoa wati 330 endapo mambo matatu yatatimia kwa pamoja: mwanga unaoiangukia uwe wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zenyewe, vile vipande vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, ziwe na joto la nyuzi 25, na mwanga uwe na mchanganyiko wa rangi unaofanana na wa jua lililopita kwenye unene wa hewa mara moja na nusu ya ule wa utosini. Kiwandani paneli hupimwa ndani, kwa mmweko wa taa wa sehemu ndogo ya sekunde, hivyo haipati hata nafasi ya kupata joto. Juani kwetu mwanga wa 1,000 hauji na seli ya nyuzi 25, kwa sababu mwanga uleule unaoleta umeme ndio unaoichemsha paneli.

Safari ya Oktoba nilikwenda na vifaa viwili ambavyo Machi sikuwa navyo. Cha kwanza ni seli ya rejea, yaani kipande kidogo cha silikoni chenye cheti cha upimaji, ambacho hulazwa sambamba na paneli na kusoma nguvu ya mwanga papo hapo. Cha pili ni kipimajoto cha waya mwembamba, ambacho ncha yake hubandikwa kwa gundi ya karatasi ya alumini mgongoni mwa paneli. Saa nane kasoro dakika kumi, mbingu nyeupe bila wingu, hewa kivulini ikiwa nyuzi 33, seli ya rejea ilisoma wati 930 kwa mita ya mraba, mgongo wa paneli ulisoma nyuzi 66, na kioo cha kontrola kilisoma wati 1,935.

Tufanye hesabu taratibu. Chukua 2,640, zidisha kwa 0.93 ya mwanga, unapata 2,455. Seli zenyewe huzidi mgongo kwa nyuzi mbili au tatu jua likiwa kali, kwa hiyo nikazihesabu kuwa nyuzi 68, ambazo ni nyuzi 43 juu ya zile 25 za kiwandani. Kwa mujibu wa karatasi ya paneli hizi, kila nyuzi moja inakula asilimia 0.40 ya wati. Nyuzi 43 zinakula asilimia 17.2, na hapo zinabaki wati 2,033.

Baada ya hapo nikalishughulikia vumbi. Nilichomoa paneli mbili zilizokaa pamoja, nikaosha moja, nikaiacha ikauke na kurudi kwenye joto lake, kisha nikapima ampea za kila moja kwa kuunganisha waya zake mbili: iliyooshwa ilitoa 8.7, yenye vumbi ilitoa 8.4. Hiyo ni pungufu ya asilimia tatu na ushee, na wati zikashuka hadi kama 1,964. Waya wa kutoka juu ya paa hadi ukutani nao unakula karibu asilimia moja, tukafika 1,944. Kioo kilisema 1,935. Wati tisa zilizobaki ni ndogo kuliko kosa la vifaa vyangu vyenyewe, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuzitafutia mchawi. Paneli zilikuwa zilezile, nazo zilikuwa nzima.

Jambo la aibu ni lile la Machi. Wingu jeupe likikaa karibu na jua bila kulifunika, kingo zake hutawanya mwanga kuelekea chini, na mwanga huo hujumlishwa na ule unaotoka kwenye jua moja kwa moja. Kwa sekunde chache, pengine dakika, paneli hupokea zaidi ya 1,000, na mara nyingine hata zaidi ya 1,200. Paneli zenyewe zilikuwa zimetoka kuoga mvua, na nakumbuka niliweka kiganja kwenye kioo chake bila kukiondoa. Nikikadiria seli zilikuwa kwenye nyuzi 40 na kurudisha hesabu nyuma, mwanga wa dakika ile ulikuwa kama 1,170. Kwa hiyo mama aliandikiwa ukutani kilele cha wingu, nami ndiye niliyempa kalamu.

Sasa sipimi mfumo ovyo. Ninasubiri mbingu itulie, na nikiona seli ya rejea inaruka zaidi ya pointi chache ndani ya dakika moja naweka vifaa chini. Chini ya 700 sipimi wati za kumkabidhi mteja, kwa sababu kadiri mwanga unavyopungua ndivyo makosa madogo yanavyokua tunapoyanyoosha hadi 1,000. Seli ya rejea naifunga kwenye fremu ya paneli yenyewe ili iwe na mwinamo uleule. Niliwahi kumwona fundi mwenzangu akiwa ameilaza juu ya ndoo, bapa, huku paneli zimeinama, akashangaa kwa nini hesabu zinakataa. Tena aliiweka karibu na bati jipya linalong'aa, likawa linairushia mwanga ambao paneli haziuoni.

Jambo la mwisho ni saa. Wengi tunasema "pima saa sita kamili", lakini saa zetu zinafuata longitudo 45, ile inayopita karibu na Mogadishu. Dodoma iko karibu na 36, kwa hiyo jua hufika juu kabisa, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 37 hivi. Kigoma ni saa saba na ushee. Anayetaka kulinganisha asubuhi na jioni akaichukulia saa sita kuwa katikati atalionea jua bure.

MwalimuWaFizikia ameandika:

Fundi, nakupongeza kwa kuandika hesabu yote hadharani, ikiwemo ile inayokuumbua. Naomba kuongeza mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu kifaa. Kuna pairanomita, ile yenye kuba la kioo, ambayo hupima joto linaloletwa na mwanga wa rangi karibu zote, na kuna seli ya rejea kama yako. Pairanomita nyingi huchukua sekunde kadhaa kutulia, wakati paneli hujibu papo kwa papo, kwa hiyo siku ya mawingu vitu hivi viwili havizungumzii dakika moja. Isitoshe, silikoni haioni mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi, lakini pairanomita inauona na kuuhesabu. Kwa kuikagua paneli ya silikoni, seli ya silikoni ni shahidi mzuri zaidi. Kwa kumbukumbu ya hali ya hewa ya eneo, pairanomita ndiyo yenye haki. Ukifuatilia ukoo wa vyeti vyao, mnyororo wa mionzi ya jua mara nyingi unaishia Davos, Uswisi, kwenye kituo ambako vipimajua vya nchi mbalimbali hukutanishwa kila baada ya miaka mitano ili vilinganishwe chini ya jua moja.

La pili ni ule unene wa hewa wa mara moja na nusu. Unapatikana jua likiwa limeinama nyuzi 48 kutoka utosini. Dodoma, siku za mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 8 Oktoba, jua la mchana hupita utosini hasa, kwa hiyo unene ni moja tu. Rangi za mwanga hubadilika, ila kwa silikoni tofauti hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na joto. Usihangaike nayo kwenye paa la duka. Kanuni uliyoitumia ya kurudisha kipimo kwenye masharti ya kiwandani ni toleo jepesi la zile zilizomo kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60891.

Swali: kwa nini mgongo ulifika nyuzi 66? Kanuni ya kawaida, kwa paneli zenye namba ya joto la kazi ya nyuzi 45 kwenye karatasi yake, ingetupa 33 za hewa kujumlisha 29 zinazoletwa na jua, yaani kama 62 za seli.

FundiChamwino ameandika:

Mwalimu, hapo umenigusa penyewe. Ile namba ya 45 hupimwa paneli ikiwa wazi mgongoni, hewa ikiwa nyuzi 20, mwanga 800, na upepo wa mita moja kwa sekunde. Mimi nilizifunga karibu mno na bati, vidole vinne tu, kwa sababu mama hakutaka zionekane kutoka barabarani. Hewa ya chini yake haitembei. Nyuzi hizo sita kati ya 62 na 68 zinamgharimu karibu wati 60 kila mchana wa jua kali, na hilo ni kosa la ufungaji, si la paneli. Nimeshamwahidi kuziinua.

KusiniPwani ameandika:

Nipo Kilwa. Miezi ya upepo wa kusi paneli zangu hutoa vizuri kuliko miezi ya kaskazi ingawa jua la kaskazi ndilo linalochoma. Nilidhani ni mawazo yangu tu. Naomba kuuliza pia kama ukungu wa chumvi unahesabika kama vumbi.

FundiChamwino ameandika:

Si mawazo yako, ndugu. Upepo unapopuliza mgongoni, paneli inapoa na volti zinapanda. Zaidi ya hayo, Juni na Julai hewa yenyewe ni baridi. Usisahau pia kwamba jua wakati huo liko kaskazini, kwa hiyo kama paneli zako zimeinamia huko, zinaliangalia usoni. Chumvi inahesabika kama vumbi na ni mbaya kuliko vumbi, maana inanasa vumbi na haipeperuki. Osha alfajiri kwa maji yasiyo ya chumvi. Usioshe mchana kisha ukapima mara moja, kwani maji yanapoza paneli na utaona namba nzuri itakayodumu dakika chache tu. Nimeona mtu akiuza paneli kwa ujanja huo.

MkulimaNjombe ameandika:

Mnalalamikia joto, sisi huku baridi ndiyo inayotuunguzia vifaa. Nina paneli tatu za aina hiyohiyo ya wati 330, zimeungwa mfululizo, na kontrola yangu inaruhusu volti 150. Lebo inasema volti 46.4 kila moja, jumla 139.2, nikaona niko salama. Julai mwaka jana, asubuhi moja yenye umande ulioganda kwenye majani, kontrola iliandika kosa la volti kupita kiasi, ikazima na haikuwaka tena. Muuzaji anasema niliunganisha vibaya. Je, nilikosea?

FundiChamwino ameandika:

Pole sana, mkuu. Waya uliziunganisha sawasawa, lakini hesabu uliifanya kwa nyuzi 25 na jua lako lilichomoza kwenye sifuri. Kinyume cha joto, baridi huongeza volti, kwa silikoni kiasi cha asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Kutoka 25 hadi 0 ni asilimia 7.5. Paneli moja inafika volti 49.9 na tatu zinafika 149.6. Ongeza kwamba paneli nyingine hutoka kiwandani zikiwa juu kidogo ya lebo, na kwamba usiku mkavu kioo cha paneli hupoa hata chini ya joto la hewa, tayari umevuka 150. Na volti hazihitaji jua kali: mwanga dhaifu wa saa moja asubuhi unatosha kuzileta karibu zote, wakati ampea bado ni za kulamba tu. Kwa Njombe, Makete na nyanda zile, unga mbili mbili au nunua kontrola ya volti 250.

MtejaAliyeumwa ameandika:

Kwa heshima zote, fundi, nauona uzi huu kama silaha ya kuwapa mafundi na wauzaji. Mteja akilalamika ataambiwa ni joto, ni vumbi, ni wingu. Lini paneli itakuwa mbovu kweli?

FundiChamwino ameandika:

Swali lako ni la haki, na nitakujibu kwa tukio. Mwezi Januari niliitwa kwenye nyumba moja yenye paneli sita, jumla wati 1,980, na mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa na mtu mwingine kwamba "ni joto tu". Nilipima: mwanga 880, seli nyuzi 58. Hesabu ilidai kama wati 1,512 kabla ya vumbi na waya. Kontrola ilisoma 1,180. Hata ukitoa asilimia tano kwa vumbi na waya, zilipungua zaidi ya wati 250, na joto halina pa kuzificha kwa sababu tayari tumelilipia. Betri hazikuwa zimejaa, maana zikijaa kontrola yenyewe huzikataa wati, na hilo lazima likaguliwe kabla ya kulaumu chochote. Basi nikapima paneli moja moja. Tano zilitoa volti 41 hivi kila moja, na ya sita ilitoa 27. Theluthi moja ilikuwa imetoweka. Ndani ya kisanduku cha mgongoni huwa kuna dayodi tatu, kila moja ikilinda theluthi ya seli, na moja ilikuwa imeungua na kubaki imepiga shoti, ikiiruka theluthi yake ya seli. Kwa kuwa paneli zimeungwa mbili mbili, mwenzake naye alikuwa akivutwa chini.

Bila kupima jua na joto, yule wa kwanza angeendelea kusema "ni joto" na hakuna ambaye angeweza kumbishia. Kwa hiyo dai mambo manne kwenye karatasi ya makabidhiano: saa, mwanga, joto la mgongo, na wati. Fundi asiyeweza kukuandikia manne hayo hana cha kukutetea, wala cha kukushtakia.

DadaMnunuzi ameandika:

Mimi sina seli ya rejea wala sitanunua. Nimenunua paneli moja Kariakoo, lebo inasema wati 200, volti 18. Dukani muuzaji aliipima kwa mita chini ya kibaraza, ikasoma volti 20, akasema "unaona, inafanya kazi". Nyumbani haichaji inavyostahili. Nifanye nini?

FundiChamwino ameandika:

Dada, volti 20 chini ya kibaraza hazisemi chochote kuhusu wati. Paneli ya wati 20 nayo ingesoma karibu hivyohivyo. Kinachofuata nguvu ya jua ni ampea. Siku ya mbingu safi, karibu na saa saba mchana, ielekeze paneli kwenye jua hadi kivuli cha kalamu uliyoisimamisha juu yake kipotee. Isiwe imefungwa na kitu chochote. Weka mita kwenye ampea 10 za mkondo mnyoofu (DC), hamisha waya mwekundu kwenye tundu lake la ampea, na gusa ncha mbili kwa sekunde tatu. Kabla ya kuziachanisha funika paneli kwa kitenge, ili usipate cheche. Paneli halisi ya wati 200 ya volti 18 inaweza kukaribia au kuzidi ampea 11, na mita ya kawaida itaunguza fyuzi, kwa hiyo ukiweza azima mita ya koleo inayosoma mkondo mnyoofu. Pia pima urefu na upana wa paneli kwa futi kamba.

DadaMnunuzi ameandika:

Nimepima leo saa saba na robo kwa mita ya koleo ya jirani. Mbingu ilikuwa safi. Ampea 5.9. Urefu ni sentimita 102, upana 67.

FundiChamwino ameandika:

Asante. Tuseme jua lilikuwa kati ya 900 na 1,000, maana kwa kukisia tu siwezi kukupa zaidi ya hapo. Ukiinyoosha hadi 1,000 unapata kati ya ampea 5.9 na 6.6. Paneli ikifanya kazi ampea hupungua kidogo kuliko zikiwa zimeunganishwa, tuseme asilimia sita, kisha zidisha kwa volti 18. Unapata kati ya wati 100 na 112. Hata nikilionea jua kwa kiasi chochote cha busara, sifiki 200.

Sasa vipimo vya futi kamba. Sentimita 102 kwa 67 ni mita ya mraba 0.68. Jua la 1,000 linaleta humo wati 680. Ili itoe 200 ingebidi igeuze asilimia 29 kuwa umeme, na paneli nzuri za silikoni zinazouzwa madukani leo ziko kwenye asilimia 22 au 23. Hiyo ni paneli ya wati 100 yenye lebo ya 200. Ukirudi dukani anza na futi kamba, kwa sababu mita ataisingizia mawingu.